Sale ya Ndelilio

Kila mwaka, wiki moja kabla ya Krismasi, Mwinjilisti Sifael alipanda kinjia cha mgombani kwenda kumwomba Mzee Ndaskoi abatizwe, na kila mwaka Mzee Ndaskoi alimkatalia. Mtaa mzima ulishazoea. Watu walilihesabu jambo hilo pamoja na mambo mengine ya sikukuu, kama kuchinja mbuzi na watoto wa Dar kurudi na magari wasiyoweza kuyageuza kwenye njia za huku juu. Mwinjilisti alivua kofia mlangoni, akasema shikamoo, akaketi, akapewa kahawa. Waliongea habari za mvua, wakaongea habari za ndama. Halafu Mwinjilisti alikohoa kidogo, na mzee akajua sasa yamefika.

"Babu, mwaka huu umeamuaje?"

"Nimeamua kama mwaka jana."

"Na moto je, babu?"

"Moto?" Mzee Ndaskoi alicheka mpaka blanketi likamtoka begani. "Nimepigwa na baridi ya mlima huu tangu nizaliwe, leo unanitisha kwa moto? Kunywa kahawa yako, inapoa."

Aikande, mjukuu wake, aliyasikia maneno hayo kutokea jikoni tangu akiwa mtoto wa kushika sketi ya bibi, na zamani yalimchekesha. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hayakumchekesha tena.

Aliishia darasa la saba. Si kwamba alikuwa mzito wa kichwa. Mwaka ule bibi yake, Magdalena, alianza kuvimba miguu, na mama yake Aikande alikuwa ameshafariki siku nyingi, kwa hiyo wa kukata majani ya ng'ombe akawa yeye. Akabaki nyumbani, akawa mtu wa kutazama. Kwa mlio wa fimbo ya babu alijua kama kiuno kimemsumbua. Kwa namna ng'ombe anavyogeuza shingo alijua leo atapiga teke ndoo. Watu walisema binti yule haongei, kumbe alikuwa anangoja wao wamalize.

Bibi Magdalena alikuwa Mlutheri wa kweli kweli. Kwa kuolewa na mtu asiyebatizwa alitengwa na Meza ya Bwana miaka saba, na miaka yote saba alikaa benchi la nyuma bila kukosa Jumapili hata moja. Alipokuwa anakufa, miaka minne iliyopita, alimshika Aikande mkono.

"Huyu mzee nakuachia wewe," alisema. "Usikubali aende motoni. Mimi nitakuwa mlangoni, namwangalia njia."

Huo ndio mzigo aliokuwa nao Aikande. Hakumwambia mtu.

Mwaka huu, masika yalipoanza, babu aliteleza akizibua mfongo, ule mfereji wa maji unaoshuka kutoka msituni na kupita nyuma ya nyumba. Alikuwa na miaka karibu tisini na hakuna aliyemtuma, lakini ndiye aliyekuwa mzee wa zamu za maji tangu enzi hizo, na kuona majani yameziba mfongo kulimwasha kama upele. Walimpeleka mjini Moshi, wakampima, wakampa dawa za maumivu, wakasema moyo umechoka. Akarudishwa nyumbani, akalala, hakuinuka tena.

Habari zikamfikia Shangazi Goodness, binti yake wa kwanza, anayeuza mitumba Njoro kule mjini na kusali kila asubuhi na kikundi cha maombi kabla hajafungua biashara. Akaja siku hiyohiyo.

"Baba, ukifa leo unakwenda wapi?" aliuliza kabla hajatua mkoba.

"Kwanza karibu," akasema babu.

"Asante. Unakwenda wapi?"

Godbless, kaka yake Aikande, alikuwa ameketi chini karibu na mlango anakula. Kazi yake ilikuwa kuwabebea watalii mizigo, na alikuwa ameshuka mlimani juzi yake na wageni, ngozi ya pua inambanduka. "Shangazi, na wewe! Mgonjwa mtori wake wa ndizi hajamaliza, umeshamchoma moto."

"Nyamaza wewe. Wewe na wazungu wako."

"Wazungu wangu ndio walioileta hiyo dini. Nimewauliza kule juu, tukiwa tunangoja chai. Mmoja ananiambia jehanamu hakuna. Mwingine ananiambia watu wote wataingia mbinguni, hata wezi. Nikamwambia basi tipu yangu nipe hapahapa, usije ukanikuta huko ukasema ulisahau pochi."

Babu alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikutaka kuisha. Aikande akamwinua, akamshikia kifua. Shangazi hakucheka. Alitoka akaenda jikoni, na Aikande alipomfuata baadaye alimkuta amekaa kwenye gunia la pumba, machozi yanamshuka.

"Mnadhani napenda?" alisema. "Nikifumba macho namwona baba yangu anawaka. Namjua ni mtu mwema, anawashinda nusu ya wazee wa kanisa. Lakini Neno halikusema aliye mwema. Limesema aaminiye na kubatizwa. Ningeweza kulibadilisha ningelibadilisha, Aikande. Silo langu."

Aikande akakunja khanga akamfuta uso. Ndivyo alivyofundishwa yeye pia.

Kesho yake mchana, watu wakiwa wametoka, babu alimwita.

"Wewe peke yako hujaniuliza kwa nini."

"Nilikuwa nangoja uniambie, babu."

"Basi nakuambia." Alitazama dirisha dogo la nyuma, ambako kulikuwa na kichaka cha sale, yale majani marefu membamba yanayopandwa mipakani na makaburini. Kichaka kile kilikuwa kimeota mpaka kupita kimo cha mtu. "Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama yangu alikuwa wa pili. Ndelilio, ndilo jina lake. Baba alipotaka maji ya ubatizo, wakamwambia chagua mke mmoja. Akachagua wa kwanza. Mama akapewa jembe na mtamba mmoja, akarudishwa kwao, kule chini karibu na Sanya Juu. Mimi nilikuwa na miaka minane. Mtoto ni wa ukoo, kwa hiyo nikabaki."

Akavuta blanketi mpaka begani.

"Nilimfuata mpaka kwenye mfongo. Baba akanishika. Mama akavuka, akageuka upande wa pili, akaniambia, nitakungoja. Neno moja tu. Jumapili iliyofuata baba akamwagiwa maji, watu wakaimba. Baada ya miaka mitatu nikasikia mama amekufa. Nikatembea kwenda, nikakuta wameshamzika shambani kwa kaka zake, wamempandia sale kichwani. Nikakata tawi, nikaja kulipanda hapo. Ndio hicho kichaka."

"Na yeye hakubatizwa?"

"Nani angembatiza? Alikuwa mke aliyeachwa na dini. Sasa sikiliza. Mwinjilisti akisema kuna moto, sibishani naye, mimi sijafika. Kama mama yuko kwenye moto, basi anaungua huku anaangalia njia. Nimwache aangalie bure? Mnizike hapo nyuma, kwenye sale yake. Nikifika nitamwona."

Aikande alitoka akaenda kumkatia ng'ombe migomba, na panga lilimpita vibaya mara mbili. Wanawake wawili walikuwa wanamngoja mtu mmoja, kila mmoja kwenye mlango wake. Mmoja alikuwa amemnywesha yeye Aikande uji na kumfundisha kufunga kilemba. Mwingine hakuwahi kumwona hata kwenye picha.

Jioni alimngoja Mwinjilisti Sifael kwenye ua, akipita kwenda kwake.

"Mwinjilisti, shikamoo. Ile Imani ya Mitume tunayosema kanisani, pale panaposema Yesu akashuka kuzimu. Alikwenda kufanya nini?"

Sifael alikuwa mtu mpole, mwalimu mstaafu, na swali halikumkasirisha. Alihamisha Biblia kwapa la pili. "Wengine wanasema alikwenda kuwahubiria waliokufa zamani, ambao Neno halikuwafikia."

"Kwa hiyo waliokuwa kule waliweza kutoka?"

"Wengine wanasema hivyo."

"Na wengine?"

"Wengine wanasema hapana, mlango ukishafungwa umefungwa."

"Na wewe?"

Alitazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Mimi nimezika watu wengi, binti yangu. Nikiwa nazika naamini la kwanza. Nikiwa nahubiri inabidi niseme la pili, la sivyo nani atakuja?" Kisha akaona haya kwa alichokisema. "Mwombee babu. Mungu ana rehema."

Alhamisi ya wiki ile mvua ilinyesha tangu alfajiri. Godbless alikuwa amepanda tena mlimani. Mwinjilisti alikuwa kwenye mkutano Bomang'ombe na maji yalikuwa yamekata barabara. Shangazi alikuwa Njoro. Babu hakuamka. Aikande alimwita, akamgusa, akampaka maji midomoni, hakuna. Pumzi ilikuja, ikakatika, akahesabu mpaka kumi na tano, ikaja tena kama mtu anayevuta ng'ombe kwenye tope. Mchana ikafika ishirini.

Akampigia shangazi.

"Yuko hai?" Shangazi alipiga kelele kwenye simu. "Aikande, nisikilize. Wewe umebatizwa. Una mkono, una maji. Unajua inavyofanywa?"

Alijua. Mwaka wa kipaimara yeye ndiye aliyechaguliwa kuusema utaratibu huo mbele ya wazazi, kwa sababu hakuna aliyeshika Katekisimu kama yeye: mtu akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, Mkristo yeyote aweza kubatiza. Walifundishwa kwa ajili ya watoto wachanga wanaozaliwa wamechoka. Hakuna aliyewaambia habari za mzee aliyekataa miaka themanini.

"Shangazi, alisema hataki."

"Sasa hivi anasema nini?"

"Hasemi kitu."

"Basi! Aliyesema hataki alikuwa mtu mzima mwenye nguvu zake. Huyo aliyelala hapo ni mtoto. Unataka ukamwambie nini mama? Ukamkute mbinguni ukamwambie nini?"

Simu ikakatika, au shangazi alikata.

Aikande alisimama kando ya kitanda cha babu yake. Alijaribu kumfikiria Ndelilio na hakuweza, kwa kuwa hakuwa na uso. Alimfikiria bibi, na bibi alikuja mzimamzima, na miguu yake iliyovimba. Na ndani kabisa, mahali asipopenda kupatazama, alijua hata bibi hakuwa sababu. Alitaka kumwona tena babu yake yeye mwenyewe. Yeye alikuwa amebatizwa, angekwenda upande wa waliobatizwa, na huko asingemkuta. Hilo hakuweza kulibeba.

Bakuli la kumwosha uso lilikuwa kwenye kigoda, na maji yake yalikuwa ya mfongo, aliyoyateka asubuhi. Alilichukua. Ilimpasa amtaje kwa jina, na katika maisha yake hakuwahi kumwita babu kwa jina.

"Ndaskoi," alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine. "Nakubatiza kwa jina la Baba." Akamwagia. "Na la Mwana." Akamwagia. "Na la Roho Mtakatifu."

Kwa yale ya tatu babu alifumbua macho.

"Nyumba inavuja?" aliuliza.

Aikande alikuwa ameshaanza Baba Yetu na hakuweza kufunga mdomo. Babu akatazama dari, ilikuwa kavu. Akatazama bakuli. Akatazama midomo ya mjukuu wake inavyokwenda. Alikuwa ameyasikia maneno yale mara nyingi mno, mkewe akisali upande wa pili wa ukuta.

"Umefanya nini, Aikande?"

Hakuweza kumdanganya. "Nilidhani unakufa, babu."

Babu alivuta ncha ya blanketi akajifuta kipaji. Akajifuta tena. Nywele zake chache zilikuwa zimeshakauka, lakini aliendelea kujifuta mpaka ngozi ikawa nyekundu, na Aikande alipotaka kumshika mkono, babu aliuondoa, taratibu, kama mtu anayeondoa mkono wa mgeni.

Wala hakufa. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ijumaa alikunywa maziwa. Jumamosi alikula mtori nusu bakuli. Pumzi ilikuja vizuri, kumbe haikuwa saa yake, ilikuwa uchovu tu na ile dawa ya maumivu aliyompa asubuhi yeye mwenyewe. Shangazi Goodness alikuja na kuku na majirani wawili wa kikundi chake, wakaimba nje ya dirisha. "Baba yangu ameokoka!" aliwaambia watu njiani. Babu alilala amegeukia ukuta. Watu wakasema ni amani ya Bwana hiyo, mzee ametulia. Aikande peke yake alijua mgongo ule unasema nini.

Jumapili, wenzake wakiwa kanisani, alikwenda nyuma ya nyumba. Kwa Wachagga, mtu aliyekosa akimpelekea sale aliyemkosea, ikiwa imefungwa fundo, hakataliwi. Hata kama ni damu imemwagika, hakataliwi. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya kanisa, na ndivyo ilivyo hata leo, na wachungaji wenyewe wanaifuata. Akakata jani moja kwenye kichaka, akalifunga fundo, akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Babu. Nimekuja."

Babu aligeuka polepole. Alipoiona sale uso wake ulibadilika, na kwa muda mrefu hakusogea. Aikande alibaki amemnyooshea jani. Alikuwa tayari kuwa mtu wa kwanza kukataliwa.

Mkono ukatoka chini ya blanketi, ukaipokea.

"Nimeipokea," alisema babu. "Wewe sikudai tena. Ulifanya kwa kunipenda, hilo naliona." Akaishika ile sale kifuani. "Lakini nikuulize. Baba yangu alimwacha mama kwa maji haya. Leo na mimi nimemwacha kwa maji hayohayo, na yeye bado amesimama pale ng'ambo ya mfongo ananingoja. Mimi nitampelekea sale kwa njia ipi? Njia si mmeshaifunga?"

"Babu, labda haikushika. Labda haihesabiwi, ulikuwa umelala."

"Unajua kwamba haihesabiwi?"

Aikande hakujua.

"Basi," akasema babu, akageukia ukuta.

Alikufa Jumatatu asubuhi, Aikande akiwa anakamua. Sale ilikuwa bado mkononi, na shangazi aliitoa kwenye vidole kabla watu wa mtaa hawajaingia kuona.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kengele iligongwa, kwaya ya vijana ikaja na sare, msalaba mweupe ukaandikwa jina na tarehe. Godbless alishuka kutoka mlimani na magoti yenye matope akauliza, "Kwani si alisema nyuma, kwenye sale? Aliwahi kuniambia mimi, na Aikande alimsikia."

"Hayo alisema alipokuwa mpagani," akasema baba mdogo mmoja wa ukoo. "Sasa ni Mkristo. Atalala na mke wake hapa mbele, kwenye saruji."

"Aikande!" Godbless alimgeukia. "Sema basi."

Watu wote walimtazama. Mtu aliyezoea kungoja wengine wamalize, siku hiyo walikuwa wamemaliza na wanamngoja yeye. Alitazama shimo lililokwisha kuchimbwa, akamtazama shangazi ambaye kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi alikuwa analala usiku. Akatazama chini. Babu akazikwa mbele.

Mwinjilisti Sifael alihubiri vizuri, habari za mfanyakazi aliyeajiriwa saa ya kumi na moja akalipwa sawa na wenzake. Wiki ya pili Aikande alimfuata ofisini kwake, chumba kidogo nyuma ya kanisa, akamsimulia yote, pamoja na blanketi na kujifuta.

Mwinjilisti alifungua kitabu cha waliobatizwa, akaweka kidole kwenye jina la babu.

"Kwa nini hukuniambia kabla sijaandika kitabuni?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza maji na majina matatu tu."

"Mtoto analetwa na imani ya wazazi wake," alisema, kama anayejisemea. "Mtu mzima anaulizwa, anajibu mwenyewe. Yule alikuwa ameshajibu."

"Kwa hiyo haukuwa ubatizo."

"Sikusema hivyo. Jina la Mungu likitajwa halirudi bure."

"Kwa hiyo ulikuwa."

"Aikande, mimi ni mwinjilisti wa mtaa tu."

"Nataka kujua yuko wapi. Kama maji yalishika, yuko na bibi, na mama yake anamngoja bure, na yeye anajua. Kama hayakushika, basi amekwenda kule mnakosema, tena amekwenda akiamini mama yake hatamtaka. Yuko wapi?"

"Yuko mikononi mwa Mungu."

"Hiyo mikono iko upande gani?"

Sifael alivua miwani akaiweka juu ya kitabu, na bila miwani alionekana mzee kuliko babu. Alisema, "Sijui, mwanangu." Akasema tena, "Sijui." Hakumwombea, na Aikande alimshukuru kwa hilo moja.

Mwezi wa sita, mvua zilipokwisha, alikata jani jingine kwenye kichaka, akalifunga fundo, akalitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na chupa ya maji. Alishuka asubuhi mpaka Bomang'ombe, akapanda gari la Sanya Juu. Kama babu hakuwa na njia, yeye alikuwa nayo, ya lami. Angempelekea Ndelilio kwa niaba yake, angesema, hakukuacha, niliyemchukua ni mimi.

Aliuliza sokoni, akauliza kwa wazee wauza ugoro. Ukoo ule waliukumbuka kwa jina. Waliuza, wakahama, wengine walikwenda Arusha, wengine walikwisha. Mzee mmoja alimwonyesha kwa fimbo: teremka, ukivuka korongo, shamba la upande wa kushoto.

Lilikuwa shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa, pana, limelimwa na trekta mpaka kwenye ua wa michongoma. Mwanamke mmoja alikuwa anapalilia maharage upande wa juu. Aliacha jembe akamsogelea.

"Karibu, dada. Umepotea?"

"Natafuta kaburi."

"Hapa? Hapa hakuna kaburi. Mimi naitwa Dainess, tumekuja kutoka Singida mwaka wa tisa huu, tunamlimia mwenye shamba. Hatujawahi kuona kaburi."

"Lilikuwa na sale kichwani."

"Sale ndiyo nini?"

Aikande akatoa lile jani akamwonyesha.

"Aa, haya! Yalikuwepo pale katikati, kijichaka. Tajiri akasema yanasumbua trekta, akayang'oa. Tulimpa ng'ombe, hakula." Dainess alimwangalia usoni, akaona amekosea kitu. "Pole, dada. Alikuwa nani?"

"Mama wa babu yangu."

"Alikufa lini?"

"Zaidi ya miaka sabini."

"Eh! Huyo si ameshapumzika?"

"Hapana," akasema Aikande. "Anangoja mtu."

Dainess alitazama jani, akafuta mkono kwenye khanga, akaunyoosha. "Kama ni zawadi, nipe mimi nikuwekee. Nitaichomeka hapohapo katikati."

Ulikuwa mkono mzuri, wenye tope na sugu, na Aikande alikaribia kumpa. Lakini sale haipokelewi na mtu asiyekosewa. Na jani lile halikuwa na mzizi, lingechomekwa leo, kesho lingekauka.

Akavua viatu akaingia shambani. Mistari ya trekta ilikuwa inafanana yote. Alikwenda mpaka alipodhani ni katikati, akasimama, na kwa mara ya pili katika maisha yake akamwita mkubwa kwa jina.

"Ndelilio."

Mabua makavu yalitikisika kidogo. Upande wa juu mlima ulikuwa umefunikwa na wingu, huwezi kujua kama upo. Akangoja. Kungoja alikujua kuliko kazi nyingine yoyote, kwa hiyo alingoja sana, mpaka jua likavuka utosi na fundo la jani likaanza kunyauka mkononi. Hakuna aliyekuja kulipokea.

Akarudi kwenye viatu vyake, akavaa, akaanza kupanda kuelekea barabarani na sale yake mkononi. Nyuma yake Dainess aliinua jembe, akaendelea na mstari pale alipokuwa ameishia.